Gari Letu Lina Pumu, Naomba Liandikwe kwenye Daftari la Mgao

Cienfuegos, mtaa wa La Juanita
Jumatano, 12 Machi 2025. Asubuhi mawingu mepesi, upepo wa kusini, vumbi.

Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Daftari la Mgao,

Nakusalimu kwa heshima. Hali ya hewa niliyoiandika hapo juu usiishangae. Ni mazoea ya shajara yangu, na safari hii inahusika na shauri lenyewe, kwa kuwa vumbi ndilo mshtakiwa wa kwanza.

Naitwa Nereida Bocourt, mstaafu, zamani karani wa ghala la sukari bandarini. Naomba mtu mmoja wa nyumba yangu aongezwe kwenye daftari letu la mgao, lile la mchele, mayai na kahawa ya bei ya serikali. Jina lake Casimira. Alizaliwa mwaka 1952, na ana maradhi ya kifua. Ili nisionekane nimekuficha jambo, naeleza mapema kwamba Casimira ni gari.

Tafadhali usiiweke barua hii pembeni. Mume wangu Eleuterio, ambaye mtaa mzima unamwita Teyo, alimrithi Casimira kutoka kwa baba yake. Casimira analala sebuleni, sisi wageni wetu tunawapokelea jikoni. Hadai mafuta mengi wala hasemi watu. Anachokosa ni chujio la hewa tu, kile kitu cha mviringo kinachokaa juu ya injini na kulizuia vumbi lisiingie. La saizi yake halijaonekana dukani tangu nikiwa na meno yangu yote. Na Teyo, aliyezichonga pistoni upya kwa mikono yake mwaka jana, ameapa kwamba bila chujio gari halisogei hata mita moja. Kwa hiyo chujio hutafutwa ndani ya nyumba, na nyumba ni yangu. Malalamiko yangu nayapanga kama ifuatavyo.

1. Kitambaa cha kuchujia kahawa. Teyo alikiazima bila kuniambia, akidai kinachozuia machicha kitazuia na vumbi. Casimira alitembea wiki nzima akinukia vizuri, nasi tukanywa kahawa ya kutafuna. Kitambaa kilirudishwa kimefuliwa. Tangu siku hiyo kahawa yetu ina ladha ya barabara ya kwenda Palmira.

2. Soksi zangu ndefu za nailoni, pea pekee. Nilipozidai, Teyo alinijibu kwa upole, akiwa ameinamia boneti: "Nereida, wewe unazivaa mara moja kwa mwaka. Mwenzio anapumua kila siku." Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

3. Foleni. Niliona watu wamejipanga nje ya duka la vipuri, nikauliza kama inavyopasa, "Nani wa mwisho?" Bwana mmoja akainua mkono, nami nikawa wa mwisho badala yake. Baadaye akaja mama mwingine akawa wa mwisho nyuma yangu. Hapo ndipo nilipouliza kinachouzwa. Bwana yule hakujua, mama yule alikuwa amekuja kwa kuniamini mimi. Kuondoka nisingeweza, maana wa nyuma yangu angebaki hana wa kumfuata, na ningesemwa mtaani. Nilirudi nyumbani na mkanda wa feni wa trekta. Nimeubadilisha kwa sabuni, kwa hiyo hapa sidai fidia, natoa taarifa tu.

4. Yupo mtu anayeuza vichujio sebuleni kwake, nyuma ya pazia, na ninakubali kwamba anavyo. Bei yake inaimeza pensheni yangu ya miezi minne. Nilipomwambia kwamba hiyo ni bei ya figo, alipangusa boksi kwa kiwiko akasema, "Bibi, figo unazo mbili. Filta ninayo moja." Majirani walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini nikiwa njiani.

5. Godoro. Teyo alikata duara la sponji, safi kama alilipima kwa bikari. Alilikata upande wangu. Maelezo yake ni kwamba upande wake una springi zilizochomoza, sponji ya pale isingefaa. Ninalala nikiwa nimezunguka shimo kama mto unavyozunguka kisiwa.

6. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumamosi hii, tarehe 15, mjukuu wangu Dailenis anatimiza miaka kumi na mitano. Unajua siku hiyo ilivyo kwetu. Msichana huvaa gauni lake akazungushwa mjini ndani ya gari la wazi, watu wamwone. Mama yake alizungushwa ndani ya Casimira. Mimi mwenyewe nilizungushwa ndani ya Casimira, baba mkwe wangu wa baadaye akiendesha, Teyo amekaa mbele akijifanya anarekebisha kioo cha kutazamia nyuma kumbe ananitazama. Gauni la Dailenis nimelishona kwa shela yangu ya harusi. Neti yake yote, tabaka kwa tabaka, imeingia chini ya sketi, na nyingine kama hiyo haipo kisiwa kizima.

Juzi nilimkuta Teyo amesimama mbele ya gauni lililotundikwa. Aliishika neti kwa vidole viwili, akaipuliza, akaona pumzi inapita. Mwanamume anayeangalia nguo ya sherehe haipulizi, Ndugu Mkuu. Mkasi nimeuficha, na ninalala na mkoba wangu chini ya mto.

Sasa naeleza ombi. Katika mtaa wetu mzee mwenye ugonjwa anapata nyongeza katika mgao wake, mradi alete cheti cha daktari. Casimira ana miaka sabini na mitatu. Akipanda kilima anapiga miluzi, akiteremka anakohoa, na asubuhi hutoa moshi mweusi mpaka jirani anafunga dirisha. Kama huyo si mzee mwenye pumu, sijui mzee mwenye pumu ni nani. Nyongeza ninayomwombea ni chujio moja la hewa kila mwaka, kwa bei ya mgao.

Cheti nilikwenda kukitafuta. Daktari wetu wa mtaa ni kijana mwenye adabu. Kwanza alikataa, nikakaa barazani kwake mpaka akachoka, akaja sebuleni kwetu na kile chombo cha kusikilizia kifua. Alikiweka juu ya injini inayounguruma, akafumba macho, akauliza, "Bibi, huyu anavuta sigara?" Kuandika cheti alisema hawezi, kwa kuwa mgonjwa hana namba ya kitambulisho. Nikampa namba ya injini. Akasema ina tarakimu chache kuliko zinazotakiwa. Nakuomba wewe uliye juu yake uamue kama mtu anyimwe pumzi kwa upungufu wa tarakimu.

Huenda ukasema kwamba ukimwandika Casimira, kesho wataletwa wazee wengine wa kila gereji. Waletwe. Wanabeba mabibi harusi, wanabeba wajawazito, wanabeba na mikungu ya ndizi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba likizo. Hata nikipewa masharti nitayakubali. Mchele wa Casimira sitauchukua, mayai yake mtawapa wengine. Kahawa yake nitaipokea, kwa sababu niliyoieleza kwenye namba 1. Na kama sheria inataka kila aliyeandikwa awe na mkuu wa kaya, niko tayari Teyo ahamishiwe kwenye daftari la Casimira na mimi nibaki na langu.

Kitu kimoja tu hakiwezi kungoja vikao, nacho ni Jumamosi. Sponji ya godoro imeanza kulika kwa petroli na joto, na mtoto hatazungushwa mara mbili. Naomba jibu kabla ya hapo, au walau barua yenye muhuri inayomkataza mume kukata gauni.

Nisalimie wote ofisini, hasa yule mama wa dirisha la pili aliyeniambia, "Mpenzi wangu, rudi Alhamisi," bila kutaja Alhamisi ipi. Mwambie kesho nakuja.

Ni mimi katika utii na subira,
Nereida Bocourt
(na kwa niaba ya Casimira, asiyeweza kutia saini)

N.B. Jumapili, 16 Machi. Asubuhi jua, hakuna upepo.

Alhamisi haikuwa Alhamisi yenyewe, kwa hiyo barua ingali mkononi mwangu na inabidi niongeze machache.

Jana Casimira alifika mpaka ufukweni Punta Gorda, akakohoa mara tatu, akanyamaza. Sponji ilikuwa imegeuka uji. Watu walikuwa wamepanga mstari pande zote, mpiga picha anatazama jua linavyoshuka, Dailenis amekaa juu ya kiti cha nyuma ameshikilia taji lake. Nilimwambia Teyo atuendeshe hivyo hivyo. Akaufunga mlango wa mbele, akasema taratibu, "Bila filta, hapana." Gauni hakulikata. Alikwenda akaegemea ukuta wa bahari, akatugeuzia mgongo.

Mkasi, kama nilivyoeleza, niliuficha. Niliuficha ndani ya mkoba wangu. Nilipanda kiti cha nyuma, nikaingia chini ya sketi ya mjukuu wangu, nikakata tabaka mbili za shela yangu kwa duara. Teyo alizipokea kwa mikono miwili. Casimira hakuwahi kupumua vile tangu nimjue. Tulizunguka mji mara mbili, na safari ya pili hakuna aliyeiomba.

Kwenye sherehe mgeni mmoja aliyetoka Panama, rafiki wa mpwa wetu Osniel, alileta zawadi imefungwa utepe. Dailenis aliifungua mbele ya wageni wote. Ilikuwa chujio la hewa, jipya, la saizi ya Casimira kabisa, karatasi yake nyeupe imekunjwa kunjwa kama feni ya mkononi. Mtoto alilitazama, akanitazama. "Bibi, basi neti yangu irudi." Teyo alikuwa ameshashika bisibisi.

Nikamwambia asithubutu. Kitu kizuri namna ile, na barabara zetu zilivyo na vumbi! Nimeliweka kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni, na wageni wamelisifu. Kwa hiyo namba 1 hadi 6 uzifute, na Casimira asiandikwe, kwa kuwa hana ugonjwa wowote. Ila kama kuna mgao wa neti, nitashukuru.

Nililala saa sita kasoro robo, upande wangu, shimoni.