Nyumba Iliyokuwa Ikienda Pruitt

Mji wa Bruntz, Nebraska, una watu mia mbili na kumi na wawili, barabara moja, na kona moja. Kwa maoni ya Delmar Bruntz, Roma yenyewe haikupangwa kwa akili kiasi hicho.

Ungemuuliza kwa nini nyumba zote saba za zamani zimepangana mstari mmoja, zikitazama magharibi kama watu waliopanga foleni, angekuambia kwamba babu wa baba yake, Mzee Gottlieb, alitaka kila jiko lipate jua la jioni. Ungemuuliza kwa nini barabara inapinda ghafla mbele ya kanisa la Walutheri, angekuambia kona ile iliwekwa makusudi kuvunja nguvu ya upepo. Na maji yanayojaa vyumba vya chini kila Aprili je? Hiyo, alisema Delmar, ni baraka ya visima, na Mzee Gottlieb aliipima kwa hatua zake mwenyewe.

Delmar alikuwa na miaka sitini na minane, mkulima wa mahindi, na mwenyekiti wa chama cha historia cha mji. Chama kilikuwa na wanachama watatu. Wawili walijiunga kwa sababu mikutano ilikuwa na keki.

Mwaka huo mji ulikuwa unatimiza miaka mia moja na arobaini, na ofisi ya historia ya jimbo ilikubali kusimamisha kibao cha chuma kando ya barabara kuu. Delmar mwenyewe alitunga maneno yake. Aliyaandika mara kumi na moja, na ya kumi na moja yalisomeka hivi: "Mzee Gottlieb Bruntz alipima kaunti tatu, akapachagua hapa kwa hiari yake, kwa kuwa palikuwa juu na pakavu."

Tatizo lilikuwa moja. Ofisi ya jimbo ilitaka ushahidi wa maandishi ya wakati ule. Isipopata ushahidi, haitaweka kibao. Na Delmar alikuwa ameshawatangazia watu wote wa kaunti kwamba kibao kinakuja.

Ndipo, katika sanduku la marehemu shangazi yake, ikapatikana barua. Ilikuwa ya Mei 1886, kwa Kijerumani, imesainiwa na Gottlieb. Delmar hakujua Kijerumani hata cha kuombea chumvi, lakini majina aliyatambua: Konrad, ndugu yake Gottlieb, na Pruitt, mji wa jirani, maili nane magharibi, alikoishi Konrad huyo.

"Iko wazi," alimwambia mkewe, Verna. "Anamwita ndugu yake ahame Pruitt aje huku kwenye mji bora."

"Umejuaje?"

"Naijua familia yangu."

Pruitt ni mji wenye mahakama, hospitali, na taa za barabarani zinazobadilika rangi. Delmar hakuupenda. Alikuwa na binamu huko, Lyle Bruntz, kitukuu cha Konrad, na kila walipokutana mnadani alimkumbusha kwamba akina Bruntz wa kweli wanaishi Bruntz. Lyle alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa akiitikia kwa kichwa na kuendelea kutazama ng'ombe.

Mtu pekee aliyebaki mjini akisoma Kijerumani cha wazee alikuwa Bi Hulda Roth, mwenye miaka tisini na mitatu na miwani mizito kama vitako vya chupa. Delmar alimpelekea barua ikiwa imeshawekwa kwenye fremu.

"Niache niisome kwanza hapa, mwanangu," alisema Bi Hulda.

"Hapana, Bi Hulda. Utaisoma siku ya sherehe, mbele ya watu. Na yule mama wa ofisi ya historia atakuwepo."

"Barua za wanaume wa zamani si za kusomewa umati bila kuangaliwa."

"Za wanaume wengine, labda," alisema Delmar. Akaifunika fremu kwa taulo, akaondoka nayo.

Kwa ajili ya gwaride Delmar alibuni jambo kubwa. Enzi zile watu walikuwa wakihamisha nyumba nzima nzima, zikivutwa na farasi juu ya magogo, na Delmar alitaka mji uone jinsi Mzee Gottlieb alivyoingia. Alichukua kibanda chake cha zana, akakipaka rangi nyeupe, akakitia mapazia ya Verna, akakipandisha kwenye trela nyuma ya trekta kuukuu la baba yake. Gwaride lingemfuata kwa njia ile ile ya zamani, nyuma ya ghala la nafaka, kwenye bonde jembamba lenye kingo pande mbili, likatokee barabara ya lami.

Mvua ilinyesha siku tatu. Siku ya nne kukapambazuka kweupe, na bonde likawa linang'aa.

"Zunguka kwa lami," alisema Verna.

"Njia hii naijua."

"Delmar, kule vyura wanaogelea."

"Naijua njia, Verna. Ingekuwa mbaya, mzee asingepita."

Basi akatangulia, amevaa kofia ya pama, mgongo umenyooka kama jenerali anayeingia mji aliouteka. Nyuma yake likaja gari la wazi, ndani yake Bi Hulda akiwa amepakata barua, Verna kwenye usukani, na Bi Okerlund wa ofisi ya historia, mwanamke mnyamavu mwenye penseli. Nyuma yao gari la zimamoto, bendi ya shule juu ya trela ya nyasi, mchungaji kwenye mashine ya kukatia nyasi, na mwishoni wapanda farasi wanne ambao farasi wao hawakupenda tarumbeta.

Katikati ya bonde trekta lilikohoa. Gurudumu la nyuma likazunguka mahali pamoja, likichimba kama linatafuta Uchina upande wa pili wa dunia. Delmar alitia gea nyingine, na trela ikashuka taratibu, kwa heshima, mpaka kizingiti cha kibanda kikawa sawa na tope.

Kisha mtu wa zimamoto akauliza, "Delmar, tumefika?"

"Ni kituo kidogo tu."

Kurudi nyuma hakukuwezekana. Gwaride lote lilikuwa limebanana, na farasi walikuwa wamegeukia upande wa bendi. Kupita mbele hakukuwezekana. Kingo zilikuwa zimebana. Watu wakaanza kushuka na kuangalia viatu vyao. Mpiga ngoma alipendekeza jambo kuhusu Delmar ambalo mchungaji alijifanya hakulisikia.

"Kwa kuwa hatuendi popote," alisema Bi Okerlund, "labda tuisome barua?"

Uso wa Delmar ukachangamka. Hapa ndipo heshima yake ingeokolewa. Alipanda juu ya bamba linalofunika gurudumu, akavua kofia, akawaomba watu utulivu. Bi Hulda akaifungua fremu, akasogeza karatasi karibu na pua, akasoma kwa macho kwanza. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Analia," Delmar aliwanong'oneza watu wa zimamoto. "Ni maneno mazito."

Bi Hulda alijifuta macho, akasoma kwa sauti, akiigeuza kadiri anavyokwenda.

"Ndugu Konrad. Msiniwekee chakula leo. Nyumba tuliyokuwa tunaileta kwenu Pruitt imezama kwenye tope mpaka kizingiti. Wote waliniambia nizunguke kwa mlimani, nikawaambia njia naijua. Nyuma yangu kuna nyumba sita, hazina pa kunipita, na wenyewe wananiita majina ambayo siwezi kumwandikia mtu aliyebatizwa. Tumewasha majiko humu humu mpaka pakauke. Njoo na maksai. Gottlieb." Akageuza karatasi. "Na huku nyuma ameongeza habari ya mkewe: Katharina hasemi nami."

Hakuna aliyecheka mara moja. Watu waligeuka, mmoja mmoja, wakatazama mji wao juu ya kingo: nyumba saba kwenye mstari, zote zikitazama Pruitt, na ile ya mbele imejipinda kidogo, kama iliyokuwa inajaribu kujinasua.

"Kumbe ile kona ni ya kuizunguka," alisema mchungaji.

"Barua haikutumwa," alisema Bi Hulda. "Nani angeipeleka? Njia imezibwa."

Hapo ndipo walipocheka, na bendi ikachukua muda mrefu kutulia kuliko wengine.

Bi Okerlund alikuwa ametoa karatasi yenye maneno ya kibao. Penseli yake ilitembea polepole. Alikata "alipima kaunti tatu". Akakata "akapachagua". Akakata "kwa hiari yake". Alisita kidogo penye "juu", akatazama viatu vyake, akakata. "Pakavu" hakusita.

"Kimebaki nini?" aliuliza Delmar kwa sauti ndogo.

"Mzee Gottlieb Bruntz. Halafu, hapa." Alimtazama kwa huruma ya kiofisi. "Jina lenu litakuwepo. Nahitaji neno moja tu katikati."

"Alikwama," walijibu watu wa zimamoto kwa pamoja.

Akaliandika.

Verna, wakati huo, alikuwa ameshapiga simu. Nusu saa baadaye, kutoka upande wa magharibi, likaja trekta la kijani lenye magurudumu marefu kuliko mtu, na juu yake Lyle. Alisimama pakavu, akashuka na mnyororo, akamtazama binamu yake aliyetopea mpaka magotini.

"Verna kanisomea," alisema. "Samahani kwa kuchelewa. Barua tumeipata leo."

Delmar alipokea ncha ya mnyororo.

"Inataka maksai. Sina maksai, binamu. Nina hili."

Trela ilitoka kwenye tope kwa mlio ambao bendi ilijaribu kuuiga msimu mzima. Lakini ekseli ilikuwa imepinda, na mahali pa karibu pa kuinyoosha palikuwa karakana ya Lyle. Basi Lyle hakusimama. Akashika lami kuelekea magharibi, na Delmar, aliyekuwa amepanda kibandani kusawazisha mapazia, akajikuta ameketi mlangoni, miguu ikining'inia, maili nane, huku watu wakimpungia kutoka mashambani.

Hivyo, baada ya miaka mia moja na arobaini, nyumba ya Bruntz ikaingia Pruitt. Ilisubiri taa zibadilike, kama nyumba nyingine yoyote.

Mke wa Lyle alitoka karakanani na sahani ya mikate ya nyama na kabichi.

"Barua ilisema tusikuwekee chakula," alisema, "lakini kipo."

Delmar alishuka. Alipokea sahani. Kwa mazoea ya mwenyekiti wa chama cha historia, akaikanyaga ardhi kwa kisigino, mara mbili, akainama akaitazama.

"Pakavu," alisema.

Lyle aliitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta nyundo.