Galaksi Zinazonywea

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza! Galaksi elfu mbili, siku moja. Darubini ya angani inapiga picha eneo pana la mbingu kwa mkupuo mmoja, sisi idarani tunapanga ipi changa, ipi kongwe, ili Profesa ajue galaksi hukuaje. Mwenzangu Rula (jina nimempa mimi, kwa alivyonyooka) anazitazama moja moja. Masikini! Mimi nilikumbuka kauli ya Profesa: ya mbali ni ya zamani. Basi nikaiamuru kompyuta: zote za mbali, kongwe. Za karibu, changa. Nafasi ya kazi ya kudumu ni moja tu, tunaigombea mimi na Rula, na mama ameshautangazia ukoo mzima kuwa ni yangu. Nikiikosa, nitaweka wapi uso?

Jumanne, 4 Machi
Profesa amefurahi kupita kiasi. Naogopa. Anasema kwa grafu yangu ya umri na ukubwa, galaksi huanza kubwa kisha zinanywea, jambo ambalo hajapata kuliona. Ataionyesha Ijumaa mbele ya wageni. Rula aliitazama, akaguna. Mguno ule sikuupenda.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Jioni mama katoa albamu. Akasema hii picha yake ya zamani. Kitoto, pengo mdomoni. Nikauliza mbona mdogo hivyo. Akanishika paji la uso, akauliza kama nina homa, maana picha ikiwa ya zamani si ndiyo lazima awe mdogo?
Hapo nikang'amua. Nuru ya galaksi ya mbali ilianza safari zamani. Tunachokiona ni picha yake ya utotoni! Vitoto vyote nimeviita vikongwe. Nikasukuma sahani kando. Mama akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hata sijamweleza kitu!

Alhamisi, 6 Machi
Saa moja asubuhi nipo ofisini, roho mkononi. Mpango: kugeuza safu nzima, changa iwe kongwe, kongwe iwe changa, kabla mtu hajafika. Mfagiaji alipofungua mlango nusura nizimie. Nikageuza, nikahifadhi, nikatoka mbio. Grafu sikuitazama, macho yalikataa. Lakini nimepona! Rula akanisalimia kwa upole, akasema nisiwe na wasiwasi wa kesho. Anapanga nini huyu?

Ijumaa, 7 Machi

Grafu ilipotokea ukutani, galaksi zinanywea vilevile! Mgeni mmoja, mama wa mvi, akauliza kwa adabu kama huku kwetu watoto huzaliwa na ndevu. Ukumbi ukacheka. Profesa hakucheka.
Rula akasimama. Akasema kosa aliliona na alilirekebisha Jumatano saa kumi alasiri, kimyakimya, asiniaibishe. Akafungua kumbukumbu za faili. Kweli, marekebisho yake yapo. Chini yake: Alhamisi, saa moja na dakika sita, safu imegeuzwa tena. Na jina langu, herufi kubwa.
Profesa akaniuliza kwani sikuitazama grafu. Nikasema niliogopa. Lilikuwa neno langu la kwanza la kweli wiki nzima, na halikunisaidia kitu.
Nafasi amepewa Rula. Mimi nitakuwa chini yake mpaka mwisho wa mwezi, nizitazame galaksi zote elfu mbili kwa macho yangu. Nikikosea tena, nifungashe. Mama sijamwambia. Shangazi ameshapiga simu kutoa pongezi mara mbili.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeanza upya, moja moja, kwa unyenyekevu. Ya kwanza kidoa tu, kimefifia, pembeni mwa picha. Pengine hakuna mtu aliyewahi kukiangalia kabla yangu. Nilikaa nacho dakika nzima. Nikajiona mdogo mno, nikaogopa.
Baada ya ya kumi na nne, shingo ikakaza. Hapo nikaona jambo! Zile zenye nyota nzee ni nyekundu, changa ni za buluu. Sasa macho ya nini? Nikaiamuru kompyuta: zote nyekundu, kongwe. Dakika nne, kwisha kazi! Nimemwambia mama ampigie shangazi, mambo yamenyooka.
Rula ameniachia karatasi ndefu mezani. Juu ameandika: WEKUNDU WA MBALI SI UZEE, NI NURU KUNYOOSHWA NA SAFARI. Sijui ana maana gani. Nimeiwekea kikombe juu, nitaisoma Jumatatu.