Sanduku la Kioo na Namba 61

Jumatatu, 3 Juni 2013

Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba, lifunge. Kama huwezi kulifunga, soma kimya, midomo isicheze. Usimsomee mkeo. Usimsomee mtu yeyote wa ofisini hata akikuletea soda. Jina langu sitaliandika. Inatosha ujue kwamba mimi ni karani hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kazi yangu ni kupiga chapa orodha kwenye kompyuta, na nina diploma ambayo haijawahi kunipa usingizi.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi saa nne asubuhi mzee Balagizi anakuja kuona nyumba yetu. Ni baba yake Marlène, msichana ninayetaka kumwoa. Mzee huyu haulizi kijana anasema nini. Anakuja, anaketi, anatazama, anaondoka, na siku ya pili anatuma neno: ndiyo au hapana. Dany wa studio ya picha, naye anamtaka, ameshatazamwa Jumamosi iliyopita, ila neno lake mzee amelishikilia mpaka anione na mimi. Ana televisheni, makochi yenye vitambaa vya kufuma, Fanta kwa kila mgeni. Nyumba yetu ina Mama, meza na kalenda.

Leo bombani Marlène ameninong'oneza kwamba baba yake hakuitazama ile televisheni. Aliuliza tu dirisha la Dany linatazama wapi. Bukavu aliuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, miaka ishirini, na kila asubuhi ilimkuta ziwani. Hapa maji ya kutazama ni ya ndoo. "Papa akionaka maji, roho yake inatulia," amesema.

Nimerudi ofisini na wazo. Gloriose, mama wa Kirundi anayeuza mandazi Area 23 kule Lilongwe, ana sanduku la kioo la kufugia samaki. Alikuwa akimfulia nguo mzungu mmoja Area 49. Mzungu amerudi kwao, sanduku limebaki. Gloriose anataka kuliuza.

Dany amempa mzee televisheni. Mimi nitampa ziwa.

Au nisinunue. Sijaamua.

Jumanne, 4 Juni

Msiba. Nimepewa nipige chapa orodha ya ukaguzi wa nyumba. Wakubwa watapita mlango kwa mlango kuona nani bado anahitaji chakula chote na nani apunguziwe. Watu hapa wanajua la kufanya. Siku ya ukaguzi magodoro hutembea. Redio, baiskeli, sufuria nzuri, vyote huhamia kwa waliokwisha kukaguliwa, na jioni hurudi. Kitu kikisahaulika ndani na mkubwa akakiona, unasema "ya jirani", basi.

Siku ya kupokea mkwe ni kinyume. Viti vya jirani vinaingia kwako.

Yote mazuri, ila nyumba moja haiwezi kuwa tajiri na maskini saa ile ile. Nimetafuta jina la Mama kwenye orodha. Namba 14. Jumamosi, saa nne asubuhi.

Nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nimeukata mstari wetu na kuubandika chini kabisa. Namba 61. Kwa siku moja hawavuki nyumba arobaini, kwa hiyo 61 ni Jumatatu.

Mkubwa wangu, bwana Kamanga, ameisoma orodha akigusa kila jina kwa kalamu. Kwenye 61 kalamu ilisimama. Kumbe wino umekwisha. Akasema zikomo, asante ya Kichewa, akaenda zake. Nimekunywa glasi tatu za maji.

Jumatano, 5 Juni

Nimeomba ruhusa ya kutoka kambini nikaone daktari wa meno. Karatasi imepigwa muhuri. Tangu hapo natembea nimeshika shavu la kushoto, maana huwezi kujua nani anakutazama.

Sanduku nimeliona. Ni dogo, lingetosha kubebwa na mtu mmoja mwenye imani. Ndani hakuna samaki. Kuna mandazi. Gloriose ameligeuza kabati la kuuzia, nzi wanabaki nje, wateja wanaona mali. Vioo vyote vina mafuta.

Nilikuwa nimeandika maswali kumi na moja. Je, gundi ya pembeni imekauka? Kuna ufa? Lilikaa bila maji muda gani? Nilipofika swali la nne Gloriose aliweka mikono kiunoni. "We kijana, unanunua ao unahoji? Mzungu mwenyewe hakuniuliza hivi siku ananiandika kazi."

Nilimweleza kwamba sanduku lililotumika hujazwa maji, likakaa mchana na usiku, ndipo ujue kama linavuja. Akasema nijaze, nikae nalo mpaka kesho kama nina ruhusa ya kulala. Sina. Ruhusa yangu inakwisha saa kumi na moja jioni. Nikasema basi nitafikiri.

Hapo hapo, nani anaingia? Dany. Alikuja mjini kununua karatasi za picha. Akachagua andazi, akatafuna, akaniuliza nafanya nini huku. Nilishika shavu. Akasema, "Pole, mon cher. Lakini jino iko kushoto, na juzi ulikuwa unashika kuume." Juzi sikushika chochote. Ananijaribu. Nikabadilisha mkono, nikajuta, nikaurudisha.

Kisha akaligonga lile sanduku kwa ukucha. Akamwambia Gloriose ni zuri kwa kupanga simu za kuchaji pale studio. Gloriose akanitazama mimi. Akasema mwenye kufikiri sana hufikiria kitu ambacho kimeshaondoka.

Alhamisi, 6 Juni

Siku nzima ya kuamua. Nikinunua na mzee akafurahi, nimempata Marlène. Nikinunua na likavuja, nimemwagia mkwe maji miguuni. Nikinunua na ofisini wakasikia, wataandika kwamba karani anafuga samaki wakati wenzake wanasubiri unga. Nisiponunua, mzee ataketi akatazame kalenda, nayo ni ya mwaka jana.

Nimemuuliza Mama. Mama amesema samaki tunawala, hatuwachungi kama mbuzi. Nimemwambia mzee Balagizi anatamani ziwa. Mama amesema basi arudi Bukavu, kule liko kubwa. Kisha akaendelea kuchambua maharagwe, polepole zaidi.

Saa sita: nimeamua kutonunua. Nilisikia nafuu mwili mzima.

Saa nane: Marlène amepita dirishani pa ofisi. Anasema Dany anajisifu bombani kwamba kesho jioni anatuma mtu Area 23.

Saa nane na dakika tano: nimeamua kununua.

Ijumaa, 7 Juni

Ruhusa ya pili, ya kung'oa jino. Nimeweka pamba mdomoni tangu asubuhi ili niwe mkweli kiasi.

Nimenunua. Pesa sitaziandika hapa. Mama anajua kusoma.

Nililijaza maji nikalichunguza saa nzima. Pande tatu kavu kabisa. Upande wa nne ulikuwa umeegemezwa ukutani na Gloriose hakutaka nisogeze biashara yake. Pande tatu kwa nne ni alama nzuri, hata shuleni ningefaulu. Mandazi yaliyobaki alinipa kwenye mfuko, maana sasa hana pa kuyaweka.

Nililifunga kwa shuka jeupe ili watu wasilione. Toka barabara kuu hadi kambini nimelipakata nyuma ya kabaza, baiskeli ya kubebea abiria, ikipiga mashimo, mimi nimeuma pamba. Mzee mmoja kando ya njia alivua kofia. Akina mama wawili walijifunga kanga wakaanza kutufuata kwa huzuni. Sikuelewa mpaka nilipofika nyumbani na kulitazama lile shuka, jeupe kama sanda ya mtoto. Mama ilibidi awashukuru na kuwarudisha.

Samaki nimewapata kwa mtu anayevua bwawani chini ya mashamba. Wawili, wa urefu wa kidole. Wamekuja ndani ya temosi ya chai. Mama hajaambiwa ni temosi ipi.

Jumamosi, 8 Juni

Nitaandika kama yalivyotokea.

Saa tatu kila kitu kilikuwa tayari. Viti vinne vya Véronique, jirani yetu. Vitambaa. Sanduku limejaa maji mezani, samaki wanazunguka, jua la dirishani linapita ndani na kucheza ukutani. Hata Mama alilitazama kidogo akidhani simwoni.

Saa tatu na robo Véronique aliingia bila kubisha. "We karani, bakubwa yako biko njiani, na banaanza na kwenu."

Nikasema haiwezekani, sisi ni 61. Akasema njo hivyo, yaani ndivyo ilivyo. Mwezi uliopita watu wa chini ya orodha walilalamika kwamba hawafikiwi, leo bwana Kamanga ameamua kuanzia chini.

Aliye wa mwisho ndiye wa kwanza. Nilisikia hayo kanisani tangu utoto na sikudhani ni tishio.

Viti vikatoka mbio. Kimoja kilibaki kwa sababu Mama alikuwa amekikalia na alikataa kusimama. Sanduku lenye maji halibebeki. Nikawarudisha samaki kwenye temosi, nikachota maji kwa kikombe, nikayamwaga uani, mara arobaini hivi. Chini yalibaki ya vidole viwili. Sauti ya bwana Kamanga ilikuwa tayari mlangoni. Mama akachukua mfuko wa Gloriose na kuyamimina mandazi yote ndani.

Bwana Kamanga amefanya kazi hapa miaka tisa. Kiswahili anakijua kuliko anavyoonyesha. Aliinua fomu. Nyuma yake, kofia mkononi, akaingia mzee Balagizi. Alikuja mapema.

Bwana Kamanga aliuliza kiti ni cha nani. Nikasema cha jirani. Vitambaa? Vya jirani. Akaelekeza kalamu kwenye sanduku. Nilimwona mzee ananitazama. Nilijua nikisema ni langu, chakula cha Mama kinapunguzwa. Nilijua pia nikisema si langu, mzee anahesabu kijana asiye na kitu. Mdomo ukajifungua wenyewe. "La jirani, bwana."

Akaandika. Ndipo tone likaanguka juu ya kiatu chake. Kisha la pili. Ni ule upande wa nne. Akatazama kiatu, akatazama sanduku, akasema mandazi ya jirani yanatoa jasho.

Mgeni haondoki kwetu na koo kavu, basi nikanyakua kikombe na temosi, nikamimina chai.

Samaki alianguka kikombeni. Akafuatwa na mwenzake.

Bwana Kamanga akauliza, taratibu, kama samaki nao ni wa jirani. Nikasema ndiyo. Akauliza jirani gani.

Nilikuwa nimesimama na kikombe. Mzee Balagizi akasogea, akakitoa mkononi mwangu kwa mikono miwili. Akainama. Alitazama mle ndani muda mrefu, wale samaki wakigeuka pamoja, mara huku, mara kule. Uso wake sijawahi kuuona vile. Alipoongea hakuinua kichwa.

"Mi njo jirani. Kisanduku ni yangu. Samaki pia ni yangu."

Mzee anakaa ng'ambo ya soko, mwendo wa dakika ishirini, na bwana Kamanga anajua. Alimtazama mzee, akatazama kikombe, akaandika. Mlangoni alinigeukia. Jumatatu asubuhi anataka kuiona orodha ya kwanza, ile ya kabla ya 61.

Akaondoka. Mzee akabaki. Nikaanza kumshukuru, akanikata.

"Kiti ni ya jirani. Samaki ni ya jirani. Siku muntu wa kalamu atakuuliza Marlène ni bibi ya nani, we utasema nini?"

Mama akacheka. Mama yangu mwenyewe.

Neno lake hakungoja kulituma kesho, alilisema pale pale. Sanduku anachukua, atalipaka gundi. Kila Jumamosi niende kwake nibadilishe maji. Siku atakayonisikia nasema "ni yangu" mbele ya mtu mwenye kalamu, tutaongea juu ya Marlène. Kwa Dany anatuma neno leo, na neno ni hapana. Akatoka na kikombe kifuani, hatua kwa hatua, ili kisimwagike. Kikombe ni cha Véronique.

Jumapili, 9 Juni

Marlène amenisimulia nje ya kanisa. Baba yake amekiweka kikombe dirishani, akasogeza kiti, na tangu jana haongei na mtu. Si kwa hasira. Aliuliza jambo moja tu: kama yule kijana ana jino bovu, mbona anashika mashavu yote mawili.

Marlène amesema kesho ni nafasi yangu. Mtu wa kalamu atauliza, na jibu ni neno moja.

Jumatatu, 10 Juni

Bwana Kamanga aliweka orodha mbili mezani. Akauliza nani aliyehamisha namba 14. Ilikuwa nafasi nzuri sana, nafasi inayomfaa mtu mkweli.

Nikasema ni kompyuta. Akauliza kompyuta ipi. Nikasema ya jirani.

Ameichukua ile ya meza ya pili kwenda kuikagua. Nina siku tatu au nne kabla haijarudi.

Nimefikiri kwa makini na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa ni namba. Mwanzo ni hatari, mwisho ni hatari. Mara nyingine nitatuweka namba 30, katikati, ambako hakuna mtu anayeanzia. Tena sanduku lilikuwa dogo mno. Gloriose amenitumia salamu kwamba rafiki wa yule mzungu, hapo hapo Area 49, anauza jingine kubwa mara mbili, na Dany ameshauliza bei. Pande tatu ni kavu, anasema. Nimeomba ruhusa ya jino la kuume.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa na hukuwa na haya: kama unajua anayeuza ile mashine ndogo ya kupulizia maji hewa, njoo dirisha la tatu la ofisi siku ya Alhamisi kabla ya saa sita. Usinisalimie. Sema umepoteza kadi ya chakula, na ushike shavu la kushoto, nitaelewa. Ukinikosa, nenda nyumbani umwambie Mama umefuata vitu vya jirani. Na kama dirisha limefungwa, uliza kwa sauti ndogo yuko wapi Guelord.

Nimeliandika jina. Kalamu hii haifutiki. Sema ni jina la jirani.