Jogoo Aliyetaga Mbele ya Wakwe

Leo nimeumbuka. Kosa langu nalitaja mapema nisije nikaonekana nalificha: ni ujuaji. Si ujinga, maana mjinga huuliza. Ni ujuaji wa mtu aliyesoma vijitabu viwili vya ufugaji akajiona anaweza kumfundisha kuku namna ya kuwa kuku.

Mnanijua. Ni mimi ninayewakaripia humu katika kundi letu la wafugaji kila mtu anaposema jambo asilolichunguza. (Mnaoandaa vicheko, ngojeni kwanza.)

Asubuhi hii nilikuwa nawapokea nyumbani, Buzebazeba, wageni kutoka Ilagala waliokuja kumposa binti yangu Salma. Kwetu mgeni wa namna hiyo huchinjiwa jogoo, tena huonyeshwa jogoo mwenyewe akiwa hai, ajue kwamba ameheshimiwa. Ninao kuku tisa wanaoinukia. Wiki iliyopita niliwapanga kisomi: mwenye upanga mkubwa, mwekundu kichwani, nilimfunga uzi mweusi mguuni, kuwa ni jogoo; wenye upanga mdogo uliopauka, uzi mweupe, kuwa ni mitetea. Uzi mweusi ulimpata mmoja tu. Hilo lilipaswa kunishtua. Halikunishtua!

Nilipokwenda kumkamata, mke wangu akaniita kando.

"Baba Salma, huyu jogoo wako tangu jana anajipenyeza kwenye kapu la nguo. Mimi naona anatafuta pa kutagia."

"Anakagua milki yake," nikamjibu.

"Haya."

(Mke akikwambia "haya" ya namna hiyo, keti ufikiri upya. Mimi nilikwenda kunoa kisu.)

Wageni waliketi barazani: mshenga wao, Mzee Hamisi, mwenye ulimi mkali; wajomba wawili; na bibi yake bwana harusi, Bi Zaituni, mwanamke mkimya aliyekuwa akimtazama kuku wangu kwa huruma nisiyoielewa. Nikasimama mbele yao, kuku kwapani. Maneno matatu yangetosha. Nilitoa hotuba.

"Waheshimiwa, dume halihitaji maelezo! Litazameni kichwa chake, litazameni kifua chake. Mwenye elimu hulitambua kwa mtazamo mmoja tu. Nami nataka mkwe wa namna hii: asiyeacha shaka!"

Hapo nikahisi uvuguvugu mkononi. Nikadhani ni uchafu, nikaendelea kwa ushupavu. Kisha, pwa! Yai dogo, la kwanza maishani mwake, likapasukia kwenye sakafu mbele ya miguu ya mshenga.

Kuku akaanza kutetea, kwa sauti, kama anayeniunga mkono.

"Hongera, Mwalimu," alisema Mzee Hamisi taratibu. "Jogoo amejifungua salama."

Mjomba mmoja akajifunika uso kwa kofia. Mabega yakawa yanamtikisika.

"Ila sasa nina wasiwasi," mshenga akaendelea. "Umetuandikia kwamba binti ni mpole, msikivu, mpishi hodari. Hayo nayo uliyatambua kwa mtazamo mmoja tu?"

Kule ndani nikamsikia Salma akisema, "Mama, nimekwisha!" Hapo nikaacha kutafuta kicheko cha kujiokoa na aibu. Nilikuwa nimemdhalilisha mwanangu siku ya posa yake, na sikuwa hata na jogoo wa kuchinja.

Yule bibi akainuka. Akamchukua kuku mikononi mwangu kama anavyopokonywa mtoto chupa.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu upanga umemwiva kwa sababu amefika kutaga. Usitazame kichwa. Tazama manyoya ya shingo na ya kiuno. Ya jike yana ncha ya mviringo. Ya dume yamechongoka."

Akaingia bandani. Hakukawia. Akatoka na kuku mnyonge, mwenye uzi wangu mweupe mguuni, niliyekwisha kumwahidi jirani kuwa mtetea wa mbegu. Akamfunua kiunoni: manyoya membamba, yamechongoka kama sindano.

"Huyu hapa jogoo wako. Amechelewa kukua, tena anaonewa na wenzake. Ndiyo maana hawiki."

Kisha akawageukia watu wake. "Binti tunamtaka. Nimemwona alivyotupokea, sikuhitaji barua ya baba yake. Hamisi, funga mdomo, utoe posa."

Posa ikatolewa, ikakubaliwa, jogoo akaliwa. Mimi nilipewa shingo, na sikulalamika.

Msinicheke. Na mwenye kuku asiowajua jinsia asinipigie mimi simu tena. Apande gari aende Ilagala, akamuulizie Bi Zaituni.