Mahari Yenye Wapangaji

Romani alikuwa amepiga magoti kando ya boti, akikwangua ubavu wake kwa jembe lililovunjika mpini. Wenzake wa kijiwe cha kahawa cha Malangali walimtazama kama wanaotazama mpira. Boti ilitoka Tanga kwa lori wiki iliyopita, na Jumamosi ilitakiwa ifike Kasanga, ziwani, kwa baba wa mchumba wake Kristiana. Wengine hupeleka ng'ombe. Mzee yule mvuvi alitaka boti.

"Sikilizeni," alisema Anyitike, aitwaye Redio kwa kuwasomea watu habari kutoka kwenye simu. "Kuna mdudu wa baharini anaenea bandarini. Yuko kama kifuko cha ngozi, ukimminya anarusha maji. Anang'ang'ania boti, kamba, nyavu, mpaka chaza wanakosa pa kukaa."

Romani alibonyeza uvimbe mmoja ubaoni. Maji yakamruka usoni.

"Mshikaji, unampelekea mkwe mahari yenye wapangaji," alisema Oswaldi, aitwaye Kamati kwa kuwa hakuna kamati asiyoikalia. "Ng'ombe tunamkagua meno. Wewe boti umeikagua rangi."

"Nilikagua mbao."

"Ulikagua huku unamuwaza Kristiana."

"Ila wanasema maji yasiyo na chumvi yanawaua," Redio aliendelea.

Silvana, mwenye kahawa, akaweka birika chini. "Sasa wiki nzima wanaishije kwenye ukavu huu?"

Romani akayatazama magunia mabichi yaliyofunika boti. Kila jioni aliyalowesha kwa maji yenye chumvi ya ng'ombe, upepo usipasue mbao.

"Niliambiwa boti ya pwani imezoea chumvi," alisema taratibu.

"Na mpumbavu gani?" aliuliza Kamati.

"Wewe."

Kamati akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. "Ule ulikuwa ushauri wa awali."

"Ungemwagia maji ya bomba tu wangejifia," alisema Silvana. "Nyie mmewapikia mchuzi."

"Basi nisaidieni kuigeuza, upande wa pili haujaguswa."

Kamati akakumbuka ana kikao huko Kasense. Redio akasema mgongo unamuuma. Benchi likabaki tupu. Silvana akamsogezea Romani ndoo ya maji, akaanza kukusanya vikombe.

Romani aliyaondoa magunia, akaimwagia boti ndoo yote. Upande wa pili ungengoja kesho. Simu ikaita, Kristiana.

"Baba anauliza, boti iko tayari?"

"Mwambie bado inaoga."