Vita Vikuu vya Kimya Kabla ya Amina

Njoni, enyi wenye masikio, nanyi mnaojifanya hamsikii njoni pia, mketi. Waandishi wa tarehe wamemaliza wino kwa wafalme waliotwaa miji. Mimi sina mji wa kuwapa. Nina kimya tu, kimya kifupi cha mtu kuvuta pumzi na kuitoa, na jinsi kilivyotwaliwa kwa jasho na Mwalimu wa Kwaya, Bwana wa Fimbo Nyembamba, Mchunga wa Sauti Nne, Mstahimili wa Wachelewaji, ambaye siku za kazi aliuza misumari katika duka la mtu na wateja wakamwita "wewe".

Jueni kwamba wimbo mkuu wa kwaya ile ulikuwa na pumziko kabla ya neno la mwisho. Sauti zote hupanda, hupanda tena, kisha hukatika; kanisa zima hunyamaza; ndipo Amina ishuke kutoka vinywa vyote kwa pamoja. Ndivyo alivyoandika mtunzi, maskini, asijue itaimbwa na nani. Kwa maana kila mara, katikati ya kimya hicho, kutoka safu ya nyuma liliporomoka "AAA" la mtu mmoja, likabaki hewani bila ndugu wala jamaa.

Mtu huyo alikuwa Radi, nguzo ya sauti ya nne, fundi cherehani mstaafu mwenye kifua kama pipa. Na Radi, enyi wasikilizaji, alikuwa baba mkwe wa Mwalimu.

Hapo ndipo palipokuwa na msiba. Shujaa wetu aliweza kumkemea yeyote, lakini aliyekupa mke utamwambiaje, "Baba, unatangulia"? Akapigana kwa mafumbo. "Ndugu zangu wa sauti ya nne," alinena kila zoezi, "miongoni mwetu yumo anayevuka mpaka kabla ya amri!" Na kila zoezi Radi aligeuka, akawatazama wenzake mmoja mmoja kwa huzuni nyingi.

"Jamani, ni nani huyo anatuaibisha?" aliuliza. "Mwalimu anasema mpaka anachoka!"

Wenzake walitazama viatu vyao. Suruali walizovaa alizishona yeye.

Hata ikafika siku Mama Mwenyekiti wa kamati alipoingia mazoezini, mkoba kwapani, akatoa hukumu.

"Mwalimu, Jumapili iliyopita wageni walicheka. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilicheka. Yule fundi wa kinanda ana mashine inayoimba sauti zote, wala haitangulii. Jumapili hii likitokea tena, kwaya tunampa yeye."

"Mashine haina mkwe," akajibu Mwalimu, ila moyoni. Akaenda nyumbani amenywea. Kwaya ile aliilea tangu watu wake walipokuwa wakiimba kama milango isiyotiwa mafuta. Aliwahi kabla yao kupangusa mabenchi, akabaki baada yao kufunga madirisha. Pale tu ndipo alipoitwa Mwalimu. Aliogopa, nami sitamficha: aliogopa sana.

Akamkuta mkewe jikoni, akasimama mlangoni kama jemadari aliyeshindwa. "Ewe binti wa Radi! Nimezingirwa mbele na nyuma! Upande huu kamati, upande huu damu yako!"

"Shika kisu, menya vitunguu," akasema mkewe. "Umemwambia baba?"

"Nitamwambiaje? Ni mzazi."

"Na ukimwambia atakataa. Baba ukimkataza kitu, ndiyo umempa nguvu. Lakini ukimpa cheo, anakitumikia mpaka kinachakaa. Mfanye mkuu wa hicho kimya chako."

"Na mimi je? Pale ndipo mkono wangu unapoonekana!"

"Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, baba watoto. Tatizo mgongo wako mgumu."

Mwalimu alilia, akasingizia vitunguu. Kisha akaenda kwa baba mkwe, akavua kofia, akaketi kwenye kigoda cha chini kabisa.

"Baba, kimya kile kabla ya Amina kinataka mlinzi mtu mzima. Mimi nitashusha fimbo. Wewe utainua mkono, na hakuna atakayefungua kinywa mpaka uushushe."

"Hata mimi?"

"Mlinda lango huingia wa mwisho, baba."

Radi akaukunjua mkono wake, akautazama kama aliyekuwa akipima kitambaa. "Nimesema siku nyingi," akanena, "kwaya hii haina nidhamu."

Jumapili ikawadia. Sauti zikapanda, zikapanda tena, zikakatika. Mwalimu akashusha fimbo yake, na kule pembeni, alikosimamishwa ili wote wamwone, mkono wa Radi ukainuka. Kimya! Benchi likalia, likanyamaza. Mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu akaanza kufumbua mdomo. Radi akamtupia jicho, mdomo ukajifunga wenyewe. Pumzi ikapita, ya pili ikapita, na mzee alikuwa bado anaonja utawala wake. Jasho likamtiririka Mwalimu. Mama Mwenyekiti akaacha kujipepea. Ndipo mkono ukashuka, na Amina ikashuka nao, nzima, isiyo na ufa, na Mwalimu akasikia kwa masikio yake kitu alichokuwa akikisoma karatasini miaka yote. Safari hii hakukuwa na vitunguu.

Ibada ilipokwisha watu walimpita wakaenda kumshika Radi mkono. "Mzee, leo umeimba!" walimwambia, wakisifu mahali pekee ambapo hakuimba. Mama Mwenyekiti naye, akipita, akasema, "Yule wa kinanda nitamwambia asubiri."

Radi akamvuta mkwewe kando ya mlango. "Mwanangu, yule mtu anayetangulia nimemshika leo, kwa mkono wangu huu. Hatarudia."

"Ni nani, baba?"

Mzee akaiweka sawa kola ya shati la Mwalimu, polepole, kama afanyavyo fundi. "Usiniulize jina. Ni mtu mzima, utamvunjia heshima."

Basi iandikeni, enyi mnaoandika ya wafalme: Jumapili ile kimya kilikaa mahali pake. Na Jumatatu, dukani, mteja mmoja aliegemea kaunta akasema, "Mwalimu, nipimie misumari."