Mwindaji wa Masjala

Jumatatu, 9 Juni

Mkuu wa Masjala amestaafu. Ameondoka na kikombe chake, mto wa kiti na kalenda ya miaka mitatu iliyopita. Chumba chake kiko wazi. Kina dirisha, kina mlango wenye ufunguo, kina feni inayozunguka. Mimi miaka kumi na tisa nimekaa chini ya feni iliyokwama, nikipokea barua na kuzipa namba. Chumba kile ni changu. Bado wengine kuambiwa tu.

Mkurugenzi amerudi kutoka likizo. Alikwenda kuwinda, kama kila mwaka. Amerudi na pua iliyobabuka na maneno mengi. Ametutangazia kwamba mtu asiyewahi kumsubiri mnyama hawezi kulisubiri faili. Kwa hiyo Jumatano ya wiki ijayo kutakuwa na semina, na wanaoitaka nafasi watasimama mbele ya wafanyakazi wote waeleze uwindaji umewafunza nini. Asiyewahi kufika porini aeleze chochote alichowahi kukiwinda. Hapo sikusikiliza vizuri, maana mkono wangu ulikuwa umeshapanda juu. Nikasema mimi ni mwindaji, mtoto wa mwindaji, mjukuu wa mwindaji.

Marehemu baba alikuwa fundi cherehani. Mimi mwenyewe nikiona mende namwita mke wangu.

Mwingine aliyenyoosha mkono ni Mama Mihuri, wa meza ya pili. Kazi yake kugonga mihuri. Kwa siku husema maneno kumi, na matano kati ya hayo ni salamu. Nilicheka kimoyomoyo.

Jumanne, 10 Juni

Nimeamua kuandika mafunzo kwanza, kisha ndiyo niende kuwinda. Watu wengi hufanya kinyume, ndiyo maana wanachelewa. Nimeandika saba. Subira. Unyenyekevu. Ukimya. La nne ni hili: nilipomtazama mnyama machoni, nilijiona mimi mwenyewe. Nilipolisoma kwa sauti nililia kidogo.

Mke wangu akauliza mnyama gani. Nikamwambia asinivurugie fikra.

Ameshawapigia simu ndugu zake wote kuwaambia kwamba mume wake anakuwa Mkuu. Sikumkataza. Kwa kweli nilimkumbusha dada yake mmoja aliyemsahau.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ni fundi wa majokofu, na ndiye mtu pekee ninayemjua mwenye bunduki na leseni ya kuwindia ndege. Nilimkuta amelala chali nyuma ya jokofu la bucha, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaieleza miguu shida yangu.

Miguu haikutikisika hata nikadhani umeme umemkamata. Kisha akasema Jumamosi anakwenda kuwinda kanga, naweza kufuatana naye, kwa masharti matatu. Bunduki nisiiguse, leseni ni ya jina lake. Marashi nisijipake. Na nisiongee.

Nilikubali yote. Kutoka hapo nikaenda kununua koti la mwindaji lenye mifuko kumi na minne. Nimejaribu kuijaza yote. Hadi sasa nina kalamu, kitana na karanga.

Jumamosi, 14 Juni

Nimerudi. Naandika nikiwa nimesimama, kwa sababu ya siafu.

Tulifika porini kukiwa kunapambazuka. Shemeji akachagua mahali nyuma ya kichuguu, akakaa, akaweka bunduki mapajani, akageuka gogo. Sijawahi kuona mtu mzima akikaa hivyo. Hakutazama saa wala kujikuna. Dakika ya kumi nikamuuliza kwa kunong'ona kama huwa wanachelewa. Saa ya pili simu yangu ililia, lakini ilikuwa kwenye mfuko wa kumi na mmoja na mimi nilianza kupekua wa kwanza. Saa ya tatu nikapiga chafya. Nadhani ni marashi. Nilijipaka kidogo tu, nyuma ya masikio, ambako sikudhani kanga wangefika kunusa.

Saa ya tano wakaja. Kanga mkubwa mmoja, mnene, amesimama wazi kabisa mbele yetu. Nyuma yake vifaranga tisa. Shemeji akainua bunduki, akatazama, akaishusha. Nikamnong'oneza apige. Akaweka kidole mdomoni. Nikamnong'oneza tena kwamba Jumatano ndiyo semina. Wakatimka wote.

Tumerudi mikono mitupu, na shemeji njia nzima anapiga mbinja. Ati leo ilikuwa siku njema. Ati amejua wanapokunywa maji na wapi wanalelea watoto wao. Ndiyo maana mpaka leo anatengeneza majokofu.

Jumapili, 15 Juni

Mafunzo ninayo. Windo ndilo sina. Na mwindaji asiye na windo ni mtu aliyekwenda kutembea.

Nimekwenda kwa muuza kuku nyuma ya soko. Anafuga na kanga pia, ndani ya uzio. Nikachagua aliyenona, mwenye madoadoa safi. Nikaomba achinjwe lakini asinyonyolewe. Muuza kuku akauliza ni wa mgonjwa au wa mganga. Nikasema ni wa semina.

Nimempiga picha kwenye kichaka nyuma ya uwanja wa mpira. Simu niliiegemeza kwenye tofali. Mimi nimevaa koti, nimepiga goti moja, nimekunja uso kama mtu aliyeona mengi. Mabawa nikayatandaza yote mawili ili aonekane mkubwa. Picha ya ishirini na tatu ndiyo iliyokubali.

Mke wangu akamuunga nazi. Akasema ni mtamu, tena laini mno kwa ndege aliyekuwa akikimbizwa porini. Akaniangalia. Nikaomba chumvi.

Jumanne, 17 Juni

Kesho ndiyo kesho. Nimemwonea huruma Mama Mihuri. Hajaandika hata ukurasa. Nikamwendea mezani kwake nikamshauri kama ndugu kwamba kujitoa mapema si aibu. Akasema ahsante, kaka, akaendelea kugonga mihuri.

Hana hata nguvu, maskini. Wiki tatu sasa, saa ya chakula watu wakitoka, yeye hubaki masjala, kwenye kona, mikono mapajani, anakodolea ukuta. Nimewaambia wenzangu kadhaa kwamba anasinzia kazini. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka tu ijulikane.

Na panya naye anamaliza mafaili. Likizo za mwaka juzi zote zimeliwa pembe. Nikiwa Mkuu nitaunda kamati.

Jumatano, 18 Juni

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia pazuri.

Ukumbi ulijaa. Nilivaa koti. Niliposema lile la kujiona machoni mwa mnyama, mhasibu alitoa leso. Kisha nikawasha projekta, picha yangu ikajaa ukuta mzima, watu wakapiga makofi. Nikasimulia jinsi kanga yule alivyoruka kutoka majanini, akapanda, akapita juu ya mti mrefu kuliko jengo letu, nami nikashusha pumzi, nikafyatua mara moja tu.

Mkurugenzi akainuka. Akavaa miwani. Akatembea hadi ukutani, akaliangalia bawa la kushoto, kisha la kulia. Akaniuliza kwa upole aliruka juu kiasi gani. Hapo mtu mwenye akili angepunguza. Mimi nikaongeza mti wa pili.

Akaweka kidole kwenye bawa la kulia. Akaeleza ukumbi mzima kwamba manyoya yale marefu yamekatwa kwa mkasi, sawasawa, kama nywele za mbele. Wafugaji hukata bawa moja ili kanga akijaribu kuruka uzio apinde na kurudi chini. Ndege huyu, akasema, asingeweza kuruka meza.

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na kicheko kikapokelewa safu kwa safu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa hata haijafika mlangoni. Nikasema si mimi. Nikasema kanga nilipewa na shemeji yangu, ndiye aliyenihakikishia ni wa porini, mimi nimedanganywa kama mnavyoniona. Mkurugenzi akaomba jina la shemeji na namba yake ya simu. Nikampa. Hata herufi sikukosea.

Kisha akaitwa Mama Mihuri. Akaongea dakika nne, bila picha. Akasema porini hajawahi kufika, yeye amewinda panya wa masjala. Kwanza alimwaga unga sakafuni ili aone nyayo. Akagundua panya hapiti darini kama tulivyodhani sote, anapita tundu la bomba nyuma ya kabati. Akagundua pia kwamba mtu akitikisika tu, hatoki. Ikabidi ajifunze kukaa. Siku ya kwanza aliweza dakika tano. Wiki ya tatu aliweza saa nzima, na ndipo akamwona panya akipita mafaili bila kuyajali, anakwenda moja kwa moja kwenye droo ya mtu mmoja ambaye hatamtaja, iliyojaa karanga. Mafaili alikuwa akiyatafuna akirudi, kwa kuwa ameshiba na hana haraka.

Hakunitaja kweli. Lakini wenzangu wote wamewahi kuniomba karanga.

Akaziba tundu, akatega mtego, na leo asubuhi, kabla ya semina, panya amenaswa. Akasema alichojifunza ni kwamba miaka yote alikuwa akimlaumu panya bila kumuuliza anafuata nini. Akashukuru, akakaa. Mkurugenzi alipiga makofi akiwa amesimama.

Ijumaa, 20 Juni

Barua imebandikwa ubaoni. Mama Mihuri ni Mkuu wa Masjala. Mimi nimehamishiwa chumba cha mafaili ya zamani, kilicho chini ya ngazi, na nitaripoti kwake. Feni hakuna kabisa, hata ya kukwama.

Agizo lake la kwanza nisafishe droo. Alikuja mwenyewe kuniambia, akaniita kaka, na akaniletea kopo lenye mfuniko nihifadhie karanga. Angenisimanga ningepata la kumchukia. Nimebaki na kopo.

Inaniuma, na hapa siongezi chumvi. Miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeshachagua mahali pa kuweka picha ya watoto. Mke wangu amewapigia ndugu zake upya, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Kwa yule dada aliyemsahau hakupiga. Nilimwomba asipige.

Jumapili, 22 Juni

Shemeji amekuja.

Nilimwona dirishani akifunga baiskeli yake. Nikaingia chumbani nikajifungia. Nikamwambia mke wangu aseme nimetoka.

Nikaweka sikio mlangoni. Akapewa chai. Akasema Mkurugenzi alimpigia simu. Nikasikia mke wangu akivuta kiti. Shemeji akasema kwa sauti yake ile ile ya nyuma ya jokofu kwamba alimjibu ukweli: kanga yule si wake, na bawa la ndege hajawahi kulikata. Lakini akamwambia pia kwamba shemeji yake alikaa nyuma ya kichuguu kwa saa tano, siku yake ya kwanza, na siafu ndani ya suruali, na hakuomba kurudi nyumbani. Akamwambia kwamba mtu wa hivyo hafukuzwi kazi, anakalishwa tena. Kumbe barua ya kunifukuza ilikuwa imeshachapwa.

Machozi yalinitoka. Haya hayakutokana na kusoma maandishi yangu mwenyewe. Nikashika kitasa. Nilitaka kutoka nimshike mkono, nimwambie nimekosa, nimekuuza, shemeji yangu, mbele ya ukumbi mzima kwa ajili ya feni. Kisha nikawaza itabidi nimtazame usoni. Nikaachia kitasa.

Yeye akaendelea kukaa. Chai iliisha, nilisikia kikombe kikiwekwa. Hakuongea tena. Mke wangu akaenda jikoni, akarudi, yeye yupo. Nilisimama nyuma ya mlango bila kutikisika. Robo saa. Nusu saa. Mguu ukafa ganzi na sikuugusa. Pua ikaniwasha, nikaibana. Dakika arobaini na tano nzima, mpaka akanyanyuka mwenyewe, akaaga, akaenda zake. Nilijisifu. Kumbe subira ninayo, na ukimya pia. Nikatoka nikamwambia mke wangu kwamba nimemshinda mwindaji kwa kazi yake mwenyewe.

Mke wangu hakucheka. Akasema shemeji alijua tangu anaingia kwamba nimo chumbani, viatu vyangu viko mlangoni. Hakuwa amekuja kuleta habari, habari angeweza kuzisema kwa simu. Alikaa akinisubiri nitoke. Na alipoaga amesema hana haraka, Jumapili ijayo atakuja kukaa tena.

Nimelifikiria jambo hili jioni yote, kwa uzito unaostahili. Jumapili ijayo viatu nitaingia navyo chumbani.